Mama Domitille Kavira, Muokotaji wa Mayai ya Mvua na Mawe ya Njia (1954–2025)

Ndugu, jirani, watu wa parokia, na siye wa soko kuu: miye ni Aimée Vahwere, mudogo wa marehemu, wa tumbo moja. Mwenyewe alisema mbele ya watoto, «Mupe Aimée asome, yeye haogopi watu.» Basi mukae vizuri, na wenye telefone wazizimishe.

Mama Domitille Kavira alizaliwa Lubero, tarehe 9 mwezi wa sita 1954, binti ya marehemu Isidore na marehemu mama Masika. Asubuhi ile ukungu uliingia mu nyumba mupaka chini ya kitanda, na mukunga akaukuta umejifunga ku kidole cha mutoto, mwembamba sawa uzi. Mama yetu hakuukata. Aliuviringisha ku kijiti, akashonea kofia ya mutoto, na kofia ile haikulowa hata siku moja. Miye pia niliivaa.

Alisoma primaire kwa masista pale Lubero, kisha akafanya ufundi wa kushona na kupata cheti yake ya brevet mwaka wa 1971. Lakini kuokota alifundishwa na nyanya yetu. Musizani kuokota ni kuinama tu. Vitu vya ajabu vyenye kutoka mu milima yetu, ukikuta kimoja, unakisalimia, unakitajia jina ya baba yako, kisha unakiambia kazi yenye kitaenda kufanya. Ukidanganya, kinaharibika mu kitunga. Na ukisema kweli, kisha mutu akakitumia kazi ingine, basi taabu yenye itafuata ni yenu wote wawili.

Alifika Bunia mwaka wa 1976, akapata nafasi ku soko kuu, upande wa mafundi cherehani. Wafundi wa Ituri yote walikuwa wanakuja kwake. Watu wa cherehani walichukua uzi wa ukungu. Waseremala walitaka maganda ya radi, ile ngozi yenye kubanduka ku mukaratusi radi ikiisha kuupiga, kwa sababu mutoto mwenye kulala juu ya kitanda yenye ganda ile haogopi ngurumo tena. Wafinyanzi walitaka mayai ya mvua kwa mitungi ya maji, yale ya mu majani ya upande wa Marabo. Ukiweka yai ku sikio, unasikia mvua inanyesha mbali sana ndani yake, na harufu ya udongo inakupanda ku pua. Nimeyashika maisha yangu yote na sijayazoea.

Papa Gustave iko pale nyuma, asijifiche. Alichukua yai akisema ni ya mutungi wa maji, na dada akaliambia yai vile. Kumbe Papa Gustave aliliweka ku etajeri ya machupa mu buvette yake, pale anauzia pombe, ili wateja washangae. Walishangaa kweli. Mvua ilinyesha mu ile buvette juma nzima, inje jua kali, watu wanakuja na sabuni. Dada alienda, akavua viatu, akaomba yai musamaha kwa sauti ya chini, na mvua ikaacha. Kisha akageukia mwenye buvette: «Papa, weye ulinifanya muongo mbele ya mvua.» Majani mabichi yanaota mule katikati ya machupa mupaka leo, muende muone.

Tarehe 18 mwezi wa nane 1979 alifunga ndoa na Athanase, fundi wa kujenga. Athanase alikuwa anakuja kutafuta mawe ya njia, yale yenye kukaa ku masanganjia na kushika sauti ya miguu ya kila mutu mwenye kupita. Fundi anaweka moja chini ya mulango, na nyumba inajua watu wake. Alikuja, akarudi, akarudi tena wakati hakuwa na nyumba yoyote ya kujenga, ndipo siye tukaelewa. Alikuwa murefu, wa maneno kidogo, na alivuta muguu ya kushoto tangu alipoanguka ku shantier ya nyumba. Mungu aliwapa Hippolyte, Régine na Rodrigue.

Mwaka wa 2003, watu wa Bunia walipokimbia vita, dada na bwana yake walikimbia pamoja nao. Karibu na Marabo, Athanase alirudi nyuma kusaidia muzee jirani mwenye hakuweza kutembea. Alisema, «Muendelee, nakuja.» Hakufika.

Vita ilipotulia, jamaa walitaka kilio kifanyike. Muzee Kule, kaka mukubwa wa Athanase, alikuja mara nyingi kumuomba dada avae nguo za mujane, roho za watoto zitulie. Dada alimujibu kila mara kwa heshima: «Shemeji, nitalilia mutu gani? Munionyeshe mwili.» Akabeba kitunga, akaanza kutafuta jiwe yenye kushika miguu ya bwana yake. Alitafuta Iga Barrière, Komanda, Marabo yenyewe. Lakini mujue hii: jiwe ya njia inatoa sauti ya miguu ya mutu akiwa angali muzima. Akikufa, miguu yake inanyamaza ndani. Kwa hiyo kila jiwe yenye haikutoa sauti ya ile miguu ilimuacha palepale, hajui kama Athanase hakupita njia ile ao hayuko tena duniani. Aliishi na jambo lile miaka yote, na bado alikuwa anacheka. Miye nisingeweza.

Mwezi wa kumi mwaka uliopita, pale Aveba, ku masanganjia ya pembeni ya shamba ya mihogo, aliokota jiwe ndogo ya rangi ya majivu. Aliisalimia, akataja jina ya baba yetu, akaiambia: «Utakaa chini ya mulango wangu, utamujua akifika.» Kisha akaiweka ku sikio. Régine alikuwa naye. Anasema mama yake alikaa chini mu udongo, jiwe ku sikio, mupaka jua ikapinduka.

Alirudi Bunia miguu imevimba, na munganga akasema ni moyo. Ku hospitali aliomba Muzee Kule aitwe, akamupa jiwe. Muzee alisikiliza. Alisema: «Ni yeye. Iko anavuta ile muguu. Iko anatembea.» Na muzee yule, mwenye alizika watu wengi bila kutoa chozi, alilia mbele ya wauguzi. Mama Domitille Kavira alifariki tarehe 11 mwezi wa pili 2025, saa ya mafajiri, bila kupigana na kifo.

Jana Muzee Kule, kwa upendo, alitaka jiwe iwekwe mu sanduku pamoja naye, na seremala alikuwa amekwisha kutengeneza nafasi yake. Régine alikatala. «Mama aliiahidi mulango. Tukiizika, tunamufanya muongo.» Basi asubuhi hii, kabla ya kuja hapa, Muzee Kule mwenyewe alichimba chini ya mulango na kuiweka. Siye wote tulilala chini, sikio ku udongo, na nguo zetu nyeusi. Miguu inasikika.

Kwa hiyo mutaona mu programu jina yenye wengine hawakutegemea, na Muzee Kule ndiye alisema iandikwe ya kwanza. Mama Domitille Kavira anaacha bwana yake, Athanase. Watoto wake Hippolyte, Régine na Rodrigue. Mujukuu wake Glodie. Shemeji yake Muzee Kule. Na miye mudogo wake. Hakuandikwa mujane, kwa sababu hakuwa.

Mwenye atakutana naye ku njia, muzee murefu mwenye kuvuta muguu ya kushoto, amukalishe kwanza, amupe maji, kisha amuambie polepole. Na weye dada, Mungu akupokee na amani yake, utue kitunga, upumzike.