Fundi Randa na Simbilisi wa Mjukuu Wake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka seremala. Watu walimwita Fundi Randa. Alizikwa wiki iliyopita. Mjukuu wake alikuja hapa studio, akakaa kwenye kiti, akashindwa kuniangalia usoni. Aliyoniambia nawasimulia kwa ruhusa yake.

Fundi Randa alikuwa na maringo ya kazi, jamani! Droo zake hazikwami. Milango yake haipigi kelele. Ukimwambia kitu chake kina upenyo, umemtukana. Basi mjukuu alipopewa simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufugwa, mnene, asiye na mkia, babu akasema, "Nyumba yake niachieni mimi."

Akaunda sanduku. Limebana kila upande, mfuniko umekaa barabara, hata upepo hauingii. Ndani akaweka vumbi la mbao, tena akalichekecha kwa chekecheke la unga mpaka likawa laini. Roho yake kwatu! Lakini hewa haipiti, na vumbi ni jingi.

Simbilisi akaanza kupiga chafya. Pua ikatoa makamasi. Akaacha kula. Kisha kila akivuta pumzi kifua kinalia, mbavu zinapanda na kushuka kwa nguvu. Mjukuu akasema, "Babu, tumpeleke kwa daktari wa mifugo."

Babu akacheka. "Daktari wa nini? Anakoroma huyo, usingizi umemkolea."

Mjukuu akabembeleza, akalia. Babu akasema wataenda kesho.

Walipofika kwa daktari kesho yake, mnyama alikuwa anahema mdomo wazi. Daktari, mama asiye na maneno mengi, alimsikiliza kifua. "Mzee, hawa huficha ugonjwa. Ukishasikia kifua kinalia, usingoje. Usimpe dawa za watu. Mlete siku hiyo hiyo." Akamfuta pua, pamba ikatoka na vumbi. "Mnamlaza kwenye nini?"

Fundi Randa akaitazama ile pamba: vumbi lake mwenyewe. Simbilisi aliwekewa oksijeni. Hakufika jioni.

Babu alilivunja lile sanduku kwa nyundo. Tangu hapo, mteja akitaja mnyama wa kufugwa, fundi alikuwa akiweka kazi chini. "Mtandikie majani makavu yasiyo na vumbi. Acha hewa ipite. Msikilize anavyopumua." Alikuwa akiyasema hayo macho yako chini. Aliona aibu, wapendwa, na aibu ile haikumtoka.

Mara nyingi alisimama nje ya chumba cha mjukuu, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, nisamehe babu yako." Mjukuu akajifanya amelala. Mwanzoni ilikuwa hasira. Hasira ikaisha, akaona haya kufungua mlango.

"Nilikuwa nimeshamsamehe zamani," aliniambia. "Lakini ningeanzia wapi? Nikawa naahirisha tu. Mtu mzima yule, nimemwacha amesimama koridoni!" Akajifunika uso.

Familia ya Fundi Randa, poleni sana. Msiba wenu tumeubeba nanyi hapa kituoni. Nanyi wenye wanyama nyumbani, nendeni mkawasikilize pumzi zao leo. Na kama kuna mtu anangoja neno lako, usimcheleweshee. Mwambie angali anasikia.

Mjukuu alitaka kusema jambo hapa hewani, akashindwa. Akaniomba nimsemee.

Fundi, hakuwa amelala. Alikusikia kila mara.