Jani Lililokuwa Ndani ya Makaa

Tak. Ilikuwa kama saa nane za usiku, na sauti ilitoka ndani ya jiko, kavu, kama mtu amevunja mfupa, nikashtuka nikakaa kitandani kichwa kikiniuma vibaya, na chumba kilikuwa na joto zuri, zuri mno, na Sezim wangu wa miezi saba amelegea ubavuni kwangu kama kitambaa kilicholowa. Nikamwita, hakuitika. Nikatoka naye nje kwenye baridi ya Kochkor, kijiji chetu cha milimani, bila viatu, nikampuliza usoni, nikampuliza, mpaka akatapika, akalia, na sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile kilio. Niliporudi ndani nikaona jiko limetema kipande cha makaa ya mawe kwenye bati la mbele, kimepasuka katikati kama mkate. Kilipopoa nikakigeuza. Ndani mlikuwa na jani.

Asubuhi nikakifunga kwenye kitambaa, mtoto nikamtia ndani ya koti, nikaenda kijiweni. Kijiwe chetu ni ubao wa lori uliolazwa juu ya magurudumu mawili, kwenye kona wanapoegesha wauza makaa mwezi wa kumi, theluji ikishaanza kushuka milimani. Wenyewe ni watatu. Kamazi, aliyeendesha lori miaka thelathini na bado akikaa mikono yake inashika usukani usiokuwepo. Bi Samovari, mwenye chai na lile birika kubwa la samovari, na mwenye neno la mwisho kwa sababu ndiye anayemimina. Na Mzee Taa, aliyechimba makaa chini ya ardhi tangu ujana, hukaa mwisho wa ubao akitafuna kurut, yale maziwa makavu magumu kama kokoto, na kusema kwake ni kwa nadra. Siku hiyo malori mawili yalikuwa yameegeshwa, jekundu na la buluu. Mume wangu, mzaliwa wa hapa, yuko Urusi kwenye ujenzi, kwa hiyo makaa ya baridi yote ilibidi niyachague mwenyewe, leo, kabla hayajaisha, na mimi nilikuwa naogopa hata kugusa kiberiti.

Bi Samovari: Mkwe wetu, mbona umepauka hivyo? Kaa. Kunywa kwanza.

Mimi: Nataka makaa yasiyopasuka, bibi. Ya jana usiku yamepasuka ndani ya jiko, na mimi kichwa, na mtoto nimemkuta amelegea, namwita haitiki, nimemtoa nje ndiyo akarudi.

Nilisema yote kwa pumzi moja, ila jambo moja sikulisema. Sikusema kwamba kabla ya kulala nilikuwa nimefunga kifuniko cha dohani, nimekisukuma mpaka mwisho, moto ukiwa bado una ndimi za buluu. Hapa kwetu kila mtu anajua hakifungwi mpaka buluu iishe, hewa ya sumu isije ikarudi chumbani. Hata mimi najua, nimemaliza sekondari, najua mpaka jina la hiyo hewa. Lakini makaa yalikuwa yamebaki ndoo mbili, na mtoto alikuwa na vidole vya baridi, nikasema joto lisitoroke.

Kamazi: Usiniambie ulinunua kwa nani. Kwa lori jekundu.

Mimi: Ni ya mwaka jana, kaka.

Kamazi: Basi kwa lori jekundu la mwaka jana. Sikia, makaa huchaguliwa kwa sikio. Chukua vipande viwili, gonga. Yakilia kama glasi, lipa. Yakilia ndu, kama kichwa cha shemeji yangu, rudisha.

Bi Samovari: Sikio lako lilikufa na injini, utasikia nini wewe. Makaa ni macho. Yang'ae kama manyoya ya kunguru. Halafu mkono. Yakiwa mazito kupita kiasi ujue yamemwagiwa maji, unanunua kisima.

Kamazi: Na yenye mstari wa kijivu?

Bi Samovari: Hilo ni jiwe. Likipata moto linapasuka na kutoa sumu. Mkwe wetu aliuziwa jiwe, na jiwe lilitaka kumuulia mtoto.

Nikafungua kitambaa.

Wote watatu wakainama. Lilikuwa jani zima, limekaa kwenye ule mstari wa kijivu, limefunguka kama pepeo dogo la mkono, na mishipa yake myembamba kuliko nywele za Sezim, yote inaanzia kwenye kikonyo kimoja na kutawanyika, na katikati ya ukingo kuna pengo, kana kwamba mdudu alilionja akaliacha. Kamazi alivua kofia. Nadhani hakujua kuwa ameivua.

Kamazi: Hili si la mti wa hapa.

Bi Samovari: Hapa kuna miti mingapi, tuihesabu? Mipopla ya barabarani na mtofaa wa mwalimu mkuu.

Mimi: Shuleni tulisoma. Makaa yalikuwa msitu, ukazama, ukafunikwa. Lile joto ni jua lililopiga kwenye majani siku zile.

Kamazi: Kumbe ni jua la zamani limewekwa. Kama sisi tunavyoweka nyasi za ng'ombe kabla ya baridi.

Bi Samovari: Mlima mzima ni ghala la nyasi?

Kamazi: Ndivyo mkwe alivyosoma.

Bi Samovari: Basi kuna aliyeziweka. Mtu hakusanyi nyasi kiasi hicho kama hana mifugo.

Kamazi: Na wewe ukiwa na mifugo ya kula mlima, ni mifugo ya kiasi gani hiyo?

Bi Samovari: Sijui. Lakini akirudi akakuta tumeshachoma nusu, mimi nitasema ni wewe uliyebeba kwa lori.

Kamazi alicheka kidogo, halafu akaangalia milima, akaacha kucheka.

Mzee Taa: Tulikuta kisiki.

Wote tukageuka.

Mzee Taa: Chini kabisa. Kimesimama, mizizi imeshika sakafu, unaona mpaka magome, lakini ni makaa. Tulikuwa watu sita. Tukazima taa.

Bi Samovari: Mlizima kwa nini?

Mzee Taa: Sijui. Kilikuwa kimezoea giza.

Chai ikatiwa tena. Mimi nilikuwa nimeshika lile jani na nimemshika Sezim.

Kamazi: Hata hivyo. Uzuri wake ni uzuri, lakini jikoni ni makaa mabaya. Makaa mazuri hukaa kimya. Yanawaka usiku kucha, husikii kitu.

Bi Samovari: Hapo umesema. Ya lori la buluu ni safi, hayana mstari, yatakaa kimya.

Wakati huo kulikuwa na mwanamke amesimama nyuma yetu na magunia mawili matupu, mwalimu mpya kutoka Osh, mji wa kusini, Gulbara jina lake, baridi yake ya kwanza huku kwetu. Nadhani alikuwa amesikia yote.

Gulbara: Samahanini, mimi makaa siyajui, kwetu tunachoma mashina ya pamba. Nauliza tu. Hicho kipande kama kingekaa kimya, huyu dada angeamshwa na nini?

Kamazi akavaa tena kofia yake. Bi Samovari aliinamisha samovari kwenye kikombe cha mgeni, likatoka tone moja, na la pili halikuja. Mzee Taa aliacha kutafuna. Hakuangalia makaa. Aliniangalia mimi, muda mrefu, nami nikainamisha macho.

Kisha akainuka, akaenda kwenye lori la buluu. Hakugonga wala hakupima kwa mkono. Alivunja kipande kimoja, akakinusa, akamwambia mwenye lori anipakulie tani mbili, mabonge tu, vumbi abaki nalo.

– Yatapasuka, mzee? nikamuuliza.

– Mengine, akasema.

Alinifuata mpaka nyumbani akiwa na nyundo na patasi. Alichomoa kifuniko cha dohani, akakiweka kizingitini, akakitoboa tundu la kupita yai la kuku, akakirudisha, akawasha mshumaa mbele ya mlango wa jiko aone kama dohani inavuta hewa, na moto wake ukalala kuelekea ndani.

– Sasa hata ukisahau, hakizibi.

– Sikusahau, mzee. Nilifunga.

– Najua.

Alimchukua Sezim, akampakata karibu na dirisha ambapo nilikuwa nimeliweka lile jani, na Sezim akalishika kwa vidole vyake vyote kana kwamba ni lake. Mzee akamtazama. Halafu, bila kugeuka, akaniambia jambo lililotokea kwenye jiko la nyumba yake mwenyewe, mwaka ule alipokuwa baba mpya, usiku ambao makaa yalikuwa mazuri, yakawaka kimya mpaka asubuhi. Alilisema lote, mpaka jina la mtoto wake. Hapa siliandiki. Nilimwahidi kwamba sitamwambia mtu mwingine.