Moli Kijiweni Misigiri

Kahawa anayouza Zabibu pale Misigiri, kando ya barabara kuu, hunywewa na watu wenye majibu ya kila kitu. Siku hiyo swali lilikuwa la kwake. Kesho yake alikuwa na mtihani wa kemia, wa kidato cha nne, kwa mara ya tatu, na umri wake miaka thelathini na minne. Bila kemia, chuo cha uuguzi angekisikia redioni tu. Mara zote mbili kilichomwangusha ni kitu kinaitwa moli, na alikuwa anakiogopa kuliko nyoka. Akawauliza wateja wake wawili: Lumbesa, dalali wa vitunguu, na Injinia, fundi baiskeli.

Lumbesa: Moli ni gunia la wanasayansi, basi. Gunia la alizeti, gunia la vitunguu, yote gunia.

Zabibu: Mwalimu alisema ni idadi. Mia sita na mbili, halafu sifuri ishirini na moja.

Injinia: Nani alihesabu?

Lumbesa: Wajerumani! Unadhani walikaa Manyoni wanajenga reli tu? Mchana reli, jioni chembe.

Injinia: Ndiyo maana wahenga wakasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maji yana moli nyingi.

Zabibu alitamani kulia. Vitunguu vya gunia moja vitalinganaje kwa idadi na punje za alizeti? Ndipo akafika mama Yustina, muuza mayai, trei moja mkono huu, nyingine mkono ule, akazitua kwenye benchi.

— Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu. Hebu nyie wasomi, trei zote mbili mayai thelathini. Mbona hii ya kisasa inanivuta mkono kuliko ya kienyeji?

Lumbesa: Madawa hayo! Kuku wa kisasa wanalishwa madawa, uzito wote ni dawa.

Injinia: Hapana, mkono wako wa kulia umezeeka kwanza. Ndio unaofanya kazi.

Zabibu aliacha birika likichemka.

— Yai moja moja la kisasa ni zito, mama. Idadi ile ile, uzito mbalimbali. Moli ndiyo trei! Trei ya kaboni gramu kumi na mbili, trei ya oksijeni gramu kumi na sita, na chembe ni zile zile kwa hesabu. Hakuna anayekaa kuzihesabu, unapima kwenye mizani tu!

Alicheka peke yake, kwa furaha tupu. Injinia, asiyependa kushindwa, akalivuta daftari la kemia la Zabibu na kutafuta zoezi gumu.

— Haya, daktari. Trei ya haidrojeni gramu moja, ya oksijeni kumi na sita. Gramu thelathini na sita za maji ni moli ngapi?

Zabibu alitazama juu kidogo. Maji ni trei mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, gramu kumi na nane; thelathini na sita ni mara mbili yake.

— Mbili.

Injinia akageuza ukurasa, akageuza tena. Majibu hayakuandikwa.

— Kapata? aliuliza mama Yustina.

Lumbesa akamtazama Injinia, Injinia akatazama barabara. Hakuna aliyejua. Zabibu alijua.