Plastiki ya Gari la Permal

Kwenye kituo cha teksi kando ya soko la mji wa Ba, kisiwani, benchi ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matairi mabovu, na mbele yake bakuli la kava, kileo cha mizizi, ambalo madereva hawaliachi likauke. Siku hiyo hata abiria hawakutazamwa. Milango yote ya gari la Permal ilikuwa wazi, plastiki ya kiti cha nyuma iko chini, na mwenyewe kashika kiuno, kilio kiko karibu. Alikivalisha kiti plastiki ile tangu gari lilipotoka bandarini Lautoka, asiivue hata mara moja, ili ngozi ibaki mpya. Kesho binti yake Ronika anaolewa, naye baba alitaka ampeleke ukumbini amekalia ngozi safi, rangi ya maziwa. Kumbe jua la Ba lilikuwa limeikunja plastiki, na plastiki ikaikunja ngozi. Makunyanzi kila mahali, na katikati pamebonyea shimo, pale abiria walipokuwa wakiweka mitungi ya gesi.

— Pasi tu, alisema Shiu, anayeitwa Daktari kwa kuwa hajawahi kukosa dawa ya kitu. Tandika taulo bichi, pitisha pasi ya moto, yatakimbia yenyewe.

— Pasi juu ya ngozi? Unataka bibi harusi akalie mkaa? Huyo alikuwa Sakiusa. Wanamwita Jenerali, ingawa kule Lebanoni alikokwenda kulinda amani alikuwa koplo. Ngozi inataka mvuke, binamu. Sisi buti zetu kule...

— Haya, kaanza na Lebanoni yake! Daktari akamkata.

— Nyamaza unywe. Permal, lete birika. Mvuke kwa mbali, halafu vuta kwa viganja, polepole, kama unamkanda mtoto. Mwisho mafuta.

— Ya nazi, Daktari akadakia.

— Ya nazi yaharibu sari ya mwanangu? Acha zako, kaka.

Birika likaletwa. Permal akapiga magoti mlangoni, akafukiza, akavuta. Kunyanzi moja dogo likalegea, akafurahi mpaka akasahau kifuu chake cha kava. Akahamia la pili. Hilo likakataa katakata. Shimo la mitungi ndilo kabisa, halikushtuka.

— Mleteni muuza nyama, yule mnene, alikalie mpaka kesho, alisema Daktari.

— Si mzigo ndio uliochimba shimo? Unalitibu kwa mzigo mwingine?

— Basi tugeuze! Daktari akajibu. Shimo linataka kuvutwa kwa juu. Tulifunge kamba, gari lingine livute.

— Mnajua nini? Jenerali akashusha sauti. Makunyanzi haya si ya plastiki. Ni ya ng'ombe mwenyewe. Alizeeka nayo, sasa yanarudi.

— Usinitajie ng'ombe mimi Mhindu, kesho naoza binti! Permal alifoka, na benchi zima likacheka, isipokuwa yeye.

Hapo alikuwa amefika mama mmoja wa milimani, Litiana, na kikapu cha majimbi, anatafuta teksi. Akapiga kofi moja, kama desturi ya wanywaji, akapokea kifuu, akanywa, akachungulia ndani ya gari.

— Kiti hiki kilipokuwa kizuri, aliuliza, alikikalia nani?

Jenerali akamwaga maji ya birika. 

Permal alibaki amepiga magoti. Akilini alimwona Ronika angali mdogo, na sare ya shule, mapaja yamenata kwenye plastiki kwa jasho, anajaribu kuinua ncha yake moja, na sauti ya baba kutoka mbele: usiguse! Miaka yote ile mtoto hakuwahi kuigusa ngozi ya gari la nyumbani kwao. Permal aliona aibu, tena aibu ya kweli.

Jenerali akampakia mama Litiana na majimbi yake kwenye teksi yake. Permal akafunga milango, akaenda nyumbani.

Alimkuta Ronika uani, shangazi zake wamemaliza kumpaka manjano ya harusi mikono, shingo hadi miguu.

— Njoo ukae, alisema, akimfungulia mlango wa nyuma.

— Baba, nina manjano! Nitakichafua. Plastiki iko wapi?

— Kaa, mwanangu.

Alikaa ukingoni, kama mgeni.

— Egemea.

Akaegemea. Doa la njano likaingia kwenye ngozi, pana, la bega zima. Permal alizunguka upande wa pili, akakaa kando yake, akavuta mlango.

— We Permal! mkewe akaita kutoka jikoni. Bibi harusi hatoki nyumbani leo! Unampeleka wapi?

— Hatuendi popote, alijibu. Tumekaa tu.