Fimbo ya Mkono wa Kushoto

Mbele ya kibanda cha kinyozi pana benchi la miguu mitatu na tofali moja. Tofali liliwekwa kwa muda tu, kama zinavyowekwa kodi, na mpaka leo halijatoka. Hapo ndipo Mzee Gundi alipofika asubuhi ile na fimbo ya kuvulia samaki, akaipitisha juu ya vichwa vya watu kama anayeingiza ngazi msikitini. Jina la Gundi hakupewa na mama yake. Alipewa na kijiwe, kwa kuwa kila kinachovunjika nyumbani kwake hukiunga kwa gundi, na kila alichokiunga huvunjika tena, pembeni kidogo. Lakini fimbo hii hakutaka ivunjike tena. Ilikuwa ya mkewe. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na nusu ya mguu, na tangu arudi kutoka hospitali hakuwa amevuka kizingiti. Bwawani, ambako kila Jumamosi walikuwa wakikaa ukingoni wakigombania chambo, alikwisha kupaaga. “Mimi na samaki basi tena,” alisema. Gundi alikwenda uani na msumeno.

– Kipini umekikata mno, alisema Kinyozi, akiigeuzageuza fimbo kama shingo ya mteja. Hii ni fimbo au mwiko?

– Ya mkono mmoja hiyo. Anarusha kwa kushoto, halafu kitako anakibana kwapani kulia, anakunja mshipi kwa mkono uleule wa kushoto. Mpini wa kigurudumu nimeuhamishia upande huu.

– Na ncha?

– Ncha imeungwa.

– Ilivunjwa na nini?

– Niliikalia, alisema Gundi.

Birika, muuza kahawa, alimmiminia kikombe bila kuulizwa. Kuna habari ambazo mtu hazisemi akiwa mkavu.

Karani alivaa miwani. Huyu alistaafu baada ya kugonga mihuri maisha yake yote, na mpaka leo akiweka kikombe chini hukigonga.

– Kabla ya ncha na kitako, alisema, tuanze na kibali. Bwawani siku hizi pana kibao. Hakuna kuvua bila kibali.

– Kibali kinatolewa wapi?

– Ofisi iko ndani ya uzio.

– Na kuingia ndani ya uzio?

– Unaonyesha kibali.

Waliinua vikombe, kwa heshima ya kazi iliyofanywa kwa ustadi kiasi kile.

– Sisi huwa tunapitia tundu la nyuma, alisema Gundi.

– Sijasikia. Mimi nimestaafu.

Kinyozi alikuwa amefika kwenye raba. Ilikuwa soli ya kandambili, ya buluu, iliyokatwa ukanda mrefu na kuzungushwa kwenye kipini, ikapakwa gundi, ikafungwa kwa uzi wa kushonea viatu.

– Hapa umefanya la maana. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

– Hapo wahenga wanaingiaje?

– Mkono mtupu ungeteleza. Lakini raba nyembamba, mzee. Ona, vidole vyangu vinazunguka mpaka vinaamkiana. Ongeza safu.

– Lete nami nipime, alisema Karani, akaishika. Safu mbili. Na kipini kirefushwe, kiwiko changu kinaning'inia.

– Anayeishika si wewe.

– Asiyekuwepo na lake halipo, alisema Kinyozi.

Gundi aliitazama mikono ile miwili, yote ya kulia, yote minene, na akatamani kusema kitu. Mkono wa mkewe aliujua. Alikuwa akiukanda kila jioni kwa mafuta, kidole kimoja kimoja, na kila jioni ulimjibu kidogo mno. Lakini ule ni wa kulia. Huu wa kushoto, uliokuwa mzima, hakuwahi kuukanda wala kuupima. Nani hupima kitu kizima?

– Mimi naona shida si kipini, alisema Birika. Shida ni samaki. Bwawa lile limerushiwa ndoana kwa mkono wa kulia tangu tuzaliwe. Samaki wameshazoea. Ikija ya kushoto watashtuka.

– Watashtukaje? Wao wanaona mkono?

– Wanaona kivuli! Kivuli kikija upande ule mwingine, si watajua ni mgeni?

– Basi akae ng'ambo, alisema Karani. Ng'ambo, kushoto inakuwa kulia.

Hata Birika ilibidi alifikirie hilo.

– Au tuifunge fimbo kwenye kiti changu, alisema Kinyozi. Kile cha kuzunguka. Shemeji anakaa, samaki akivuta, mimi nakanyaga chini, kiti kinapanda. Kengele juu.

– Kiti kitafikaje bwawani?

– Kupitia tundu la nyuma.

– Kwa mwendo huo, alisema Karani, iundwe kamati ndogo...

Hapo Gundi aliinua mkono wanyamaze. Kutoka upande wa kwake ilikuja sauti: pwata, halafu kimya, halafu kitu kikiburuzwa. Pwata, kwaruu. Pwata, kwaruu. Aliinuka ghafla, benchi likahama tofali lake, na Karani akabaki ameshika hewa kwa mikono yote miwili.

Mkewe alikuwa amefika kwenye kona. Mguu wa kushoto ulikuwa na kandambili ya buluu. Wa kulia ulikuwa ndani ya kiatu cha Gundi, kilichofungwa kifundoni kwa mtandio kisidondoke. Alikuwa anatokwa jasho na amekasirika.

– Karibu, shemeji! Karibu ukae!

– Msiinuke wote, mtanitia hofu kama pana msiba. Nimekuja kuuliza tu. Tangu alfajiri natafuta kandambili yangu ya kulia. Ilikuwa nyuma ya mlango. Nani kaiona?

Karani, mwenye jibu la kila jambo na nakala yake, aliangalia ndani ya kikombe. Kinyozi aliingia kibandani kufagia nywele zisizokuwepo. Birika aliinamisha birika lake, likatoa tone moja.

– Kahawa imekwisha, alisema, kama anayekiri.

Gundi alisimama na fimbo mkononi. Jana jioni, alipoichukua ile kandambili, ilikuwa na vumbi, na alijiambia kwamba mguu ule hauna safari. Hilo asingelisema hata kwa viboko.

– Ulikuwa unakwenda wapi? aliuliza.

– Hapa. Nilisema leo nitafika kijiweni hata kwa kutambaa.

Kisha akaiona raba. Akasogea, pwata, kwaruu, akaishika kwa mkono wa kushoto.

– Hii ndiyo ya kulia.

– Ndiyo.

– Umeikata.

– Ya kushoto nimekuachia.

– Ahsante sana, baba.

Kidole gumba chake kilitembea juu ya raba, kikafika mahali palipobonyea, pale dole kubwa la mguu lilipochimba miaka yote ile, kikatulia humo. Kitako alikigandamiza kiunoni, akapima uzito, halafu akairusha fimbo mbele mara moja, bila ndoana, bila chambo. Ncha iliyoungwa ilipinda, ikanyooka, ikaichukua kofia ya Karani na kuilaza barabarani. Haikuvunjika.

– Nyembamba kidogo? aliuliza Kinyozi kutoka ndani.

– Nani kasema? Iko sawasawa.

Aliketi polepole mwisho wa benchi, pale penye tofali, fimbo mapajani, na akaunyoosha mguu wenye kiatu cha mumewe.

– Na wewe Jumamosi utakwenda umevaa nini? Maana hiki sikirudishi.

Gundi aliinama, akalikaza fundo la mtandio kifundoni mwa mkewe. Birika alibeba birika lake tupu, akaenda kuchemsha kahawa nyingine.