Gadiel Sumari na Jumapili Mbili za Vumbi Oldonyo Sambu

Jumanne, tarehe 30 Septemba, Bwana Gadiel Sumari anafikisha miaka thelathini na minne ya kupiga picha za michezo katika gazeti letu, na siku hiyohiyo anastaafu.

Ni mzaliwa wa Nkoaranga, mtoto wa mkulima wa kahawa na ndizi. Aliingia ofisini kama msaidizi wa chumba cha kusafishia picha, kazi yake ikiwa kuchanganya dawa na kuanika picha kwenye kamba. Siku moja mpiga picha mkuu alishikwa na malaria, na Gadiel akapewa kamera na filamu ya picha thelathini na sita aende uwanjani. Alirudi na mabao yote mawili, na filamu ikiwa na nafasi tisa zilizobaki. Mhariri wa wakati huo alitaka kujua kwa nini hakuimaliza. Gadiel akajibu kwamba mengine hayakuwa na maana.

Kuanzia hapo hakurudi tena kwenye dawa. Amepiga ngumi, riadha, netiboli na mashindano ya shule yasiyohesabika. Kwenye mpira alijua bao litaingilia wapi kabla ya kipa kujua. Kuna mwaka alijua vizuri mno: shuti lilipita pembeni ya mlingoti likampiga kifuani, akaanguka chali. Picha aliyoipiga ya mpira ukimjia ilichapwa ukurasa wa nyuma, na wasomaji wakapiga simu kuuliza kama mpiga picha yu hai.

Mtu wa namna hiyo hazoei kushindwa. Ndiyo maana Jumapili ya mwisho ya Agosti ilituuma sote.

Klabu moja ya vijana ilikuwa imetengeneza njia ya mbio za pikipiki, motokrosi, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa kule Oldonyo Sambu: matuta makubwa ya udongo, kona kali, na vumbi la kutosha kijiji kizima. Gadiel hakuwahi kupiga mchezo huo. Alikwenda peke yake, akasimama karibu na tuta la kwanza kama anavyosimama nyuma ya goli. Pikipiki zilisikika, zikaruka, zikapotea. Jioni alikuwa na picha zaidi ya mia nne: gurudumu la nyuma, kiwiko kisicho na mwenyewe, na Mlima Meru ukiwa peke yake ndani ya vumbi.

Alisimama mbele ya meza ya mhariri wetu, Namnyaki, kofia mkononi.

"Mhariri, sina picha."

"Huna nzuri, au huna?"

"Sina."

Ukurasa ulikwenda na picha ya washindi wakikabidhiwa vikombe, iliyotumwa na klabu. Wengine tulimshauri kwa nia njema kwamba mbio zijazo amwachie Derick, anayerithi nafasi yake. Mwezi mmoja kabla ya kustaafu mtu hana deni la kuthibitisha lolote. Alitusikiliza. Siku ya tatu aliomba ruhusa akaenda Kijenge.

Kijenge kuna gereji ambako Nalepo hutengeneza pikipiki siku za kazi. Ana miaka ishirini na mitatu, na katika mbio zile alikuwa wa tatu. Alimwamkia mgeni wake shikamoo, akafuta kiti. Gadiel, ambaye amefundisha nusu ya wapiga picha wa mji huu, alimwomba binti huyo amfundishe.

"Baba, wewe unasubiri pikipiki ifike ndipo upige," Nalepo alimwambia. "Ikifika, mimi nimeshaondoka. Tazama kofia yangu. Ninakotazama ndiko ninakokwenda."

Jioni tatu mfululizo alikwenda kwenye mazoezi. Ya kwanza hata kamera hakubeba. Alikaa juu ya jiwe akisikiliza jinsi mngurumo unavyobadilika pikipiki inapokaribia kuruka.

Jumapili ya pili ya mbio, tarehe 21 Septemba, mwandishi wa wasifu huu, Pudensiana, alikuwa naye. Gadiel alifunga kamera kwa mfuko wa plastiki, akapiga magoti upande wa chini wa tuta la tatu, mahali ambapo hakuna aliyependa kukaa. Mizunguko miwili aliiacha ipite, akiwa amefumba macho. Mzunguko wa tatu alipiga picha tatu tu, akainuka kwa shida, akipangusa suruali.

Moja mliiona gazetini. Nalepo yuko hewani, pikipiki imelala ubavu, lakini kichwa chake kimeshageukia ardhi atakayotua. Nyuma yake mzee mfugaji ameshika shuka lake kwa mikono miwili, mdomo wazi, kana kwamba anayeruka ni yeye. Nalepo alimaliza wa pili. Jumanne yake alikuja ofisini kuomba nakala. Mama yake, ambaye kwa hofu hajawahi kukanyaga mashindanoni, ameitundika sebuleni.

Tuliporudi siku ile tulipitia Ngaramtoni. Hapo Gadiel akasema, bila kugeuka kutoka dirishani, "Pudensiana, huu mchezo ungenikuta na miaka thelathini." Halafu akacheka kidogo. "Sasa ndiyo nimeujua, sasa ndiyo naondoka."

Tangu hapo, pikipiki ikipita barabarani, anageuza kichwa kabla haijatokea. Wiki iliyopita alisafisha kamera ya ofisi asubuhi nzima, akamkabidhi Derick, akamuuliza mbio zijazo ni lini. Jumapili moja ya Novemba, Derick akajibu, akamtajia tarehe. Gadiel aliiandika tarehe hiyo kwenye kiganja, ingawa kamera ya kwake mwenyewe hajawahi kuwa nayo.

Tulipompigia mkewe, Mama Hope, kumwalika kwenye hafla ya kumuaga, tulimuuliza kama amejiandaa kukaa na mzee nyumbani. "Mwili nitaupata," alisema. "Ila hiyo Jumapili ya Novemba nitamwacha aende. Hata nikimkalisha kanisani, atakuwa huko tu."

Mzee Gadiel, asante kwa miaka yote hiyo, na asante zaidi kwa kutuonyesha mtu wa miaka sitini akiomba kufundishwa. Tunakuombea afya, kahawa yenye mavuno mema na magoti ya kupandia njia za Nkoaranga. Na Novemba, ukifika Oldonyo Sambu mikono mitupu, simama karibu na Derick. Ukiona wakati umefika, mguse bega.