Chasisi ya Aleki Chumvi

Ukisimama barabarani pale Bandari ya MacRury, kisiwani Cape Breton, ukaita "Aleki MacRury!", watageuka watu watano na mbwa mmoja. Ndiyo maana kila mtu ana jina la kijiweni. Aleki Chumvi aliendesha lori la serikali la kumwaga chumvi barabarani miaka thelathini na mmoja, kila barafu ilipoganda, ili iyeyuke, mpaka alipostaafu. Dugi Profesa aliwahi kufagia maabara ya chuo miezi miwili, na tangu hapo ni mwanasayansi. Hughena Posta alikaa dirishani pa posta mpaka ikafungwa, na hakuna barua ya kijiji hiki asiyojua ilitoka kwa nani. Hao watatu ndio wenye benchi la mbele ya duka la ushirika, na kwa sababu yao kahawa ya duka huisha kabla ya saa nne. Jumamosi hiyo, mwisho wa Oktoba, Aleki alichelewa. Alipoegesha pikapu yake, wote wakaiona stika nyekundu kwenye kioo: gari limekataliwa ukaguzi.

— Makubwa haya! alisema Hughena. Leo mwizi kaibiwa.

— Nani mwizi?

— Wewe. Miaka thelathini unayalisha magari yetu chumvi yanaoza kwa kutu, leo imekurudia. Mmwaga chumvi huingia mwenyewe!

— Hiyo methali haiko hivyo, dada.

— Kwangu iko hivyo. Kaa, utwambie.

Aleki akakaa, akaishika kahawa kwa mikono miwili. Akawaeleza: fundi Rori kalipandisha gari juu, kachukua bisibisi, kaigonga chasisi taratibu, ko, ko, ko, kisha bisibisi ikazama mpaka mpini, kama kijiko kwenye uji.

— Akasemaje?

— "Mzee, hili usilitembeze tena. Litengeneze, la sivyo liende kwenye vyuma chakavu." Nikamjibu stika ni karatasi, na karatasi hubanduka. Jumatatu nampeleka Flora hospitali kama kawaida.

Flora ni dada yake Aleki. Figo zake zilichoka, na mara tatu kwa wiki anakwenda kusafishwa damu, kilomita arobaini kwenda, arobaini kurudi.

— Haiwezekani, alisema Dugi, na sauti ilimpanda. Hiyo chasisi nimeipaka lami mimi mwenyewe, miaka mitatu iliyopita! Nyeusi tii, inang'aa.

— Uliiosha kwanza? aliuliza Hughena.

— Kuosha ni kazi ya nguo. Kutu inataka hewa, bibie. Ukiiziba, inakata roho.

— Kumbe uliziba chumvi na maji humo ndani, chuma kikaoza huku kimevaa suti.

— Nyie hamjui chumvi. Chumvi yetu inachimbwa chini ya bahari, sawa? Sasa inatafuta njia ya kurudi kwao. Ikikuta chuma mbele, inapita katikati. Maabara tulikuwa tunajua hayo.

— Maabara ulikuwa na ufagio!

— Penye ufagio hapaharibiki neno.

Hughena akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye koti.

— Dawa ni mafuta ya samaki, alisema. Marehemu kaka yangu alipaka ya heringi kila vuli, na kutu hakuiona.

— Aliona tai, alisema Aleki. Tai wanne walimfuata mpaka kanisani, padri akasimamisha misa.

— Lakini gari lilidumu!

— Lilidumu kwa sababu hakuna aliyekubali kupanda!

— Basi sikieni, alisema Dugi. Lining'inize ghalani kwa minyororo, Novemba mpaka Aprili. Lisiguse ardhi.

— Na Flora nimning'inize wapi?

Hapo kicheko kikakatika. Aleki alikuwa amesimama.

— Miaka yote mnanitania, nanyamaza. Leo nasema. Nilimwaga chumvi, ndiyo. Niliamka saa tisa alfajiri nikaimwaga mlima ule wote ili gari la wagonjwa lipande. Magari yenu yameoza, lakini nyie mpo hapa mnakunywa kahawa. Sijutii hata punje. Na hilo gari langu hakuna kijana mwenye bisibisi atakayenishusha. Jumatatu naendesha!

Mwalimu Simran alikuwa kasimama mlangoni pa duka na pakiti ya maziwa. Alihamia Agosti kutoka Vancouver, na mambo ya chumvi barabarani alikuwa bado anajifunza.

— Samahani mzee, alisema. Hiyo bisibisi ilizama upande gani?

Dugi akamtazama Aleki. Hughena akamtazama Aleki. Aleki akautazama mlango wa abiria wa pikapu. Alimwona tena Rori alivyochuchumaa asubuhi ile, chini ya mlango ambao Flora huupandia kwa kigoda, mkono mmoja kashika bega la kaka yake.

Hughena akasema:

— Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nitampitia Flora na gari langu.

— Sijakuomba.

— Wala sikusubiri uniombe.

Aleki alivuta pumzi. Uso ulikuwa umemwiva, lakini kidevu kilikuwa bado juu.

— Vyuma chakavu haliendi, alisema. Dugi! Beba kikwangulio chako. Lami uliipaka wewe, utaikwangua wewe.

Walilipeleka gereji polepole kama wanasindikiza jeneza. "Kata," Aleki alimwambia Rori, "kata mpaka ukute chuma." Rori alikata pande zote mbili, akachomelea vyuma vipya. Dugi alikwangua siku nne, hakutaja maabara. Kisha wakaosha kwa maji ya moto, wakazibua matundu yaliyojaa tope, wakaacha hita ya gereji ikaushe siku mbili, ndipo Rori akapuliza mafuta mpaka ndani ya chasisi. Stika mpya ikabandikwa.

Wiki ya pili ya Novemba theluji ilianguka usiku kucha. Asubuhi Aleki alikuwa mlimani na Flora pembeni yake, kigoda miguuni, wakalikuta lori la chumvi mbele. Chumvi ikawa inarukia chini ya pikapu, tatata, tatata.

— Mpite, Aleki! alisema Flora. Atatumalizia gari tena.

— Simpiti.

— Umelitengeneza juzi tu!

Aleki akapunguza mwendo kidogo, akakaa palepale nyuma ya lori, kwenye lami iliyoanza kuonekana.

— Mwache amwage, alisema. Tukirudi nitaliosha.